Sanduku la Ushairi: Ndege, Gugumaji na Neno "Huru"

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu jambo moja: namna ya kulinganisha mashairi mawili yanayozungumzia uhuru wa binadamu kupitia ndege, mito, upepo na mimea. Ili tujibu kwa mifano inayoonekana, tumetunga mashairi mafupi mawili, moja la arudhi, yaani lenye mizani na vina, na jingine huru. Yasome kwa sauti kabla ya kuendelea.

Ndege wa Ziwani

Ndege yule wa ziwani, mapema anaamka,
Hana mlinzi pembeni, angani anapofika,
Nami nipo uzioni, miguu imenasika,
Ndege nipe mbawa zako, niuvuke ua huu.

Maji yakiongezeka, chumvi ikaja pungua,
Njaa ikamzunguka, Bogoria kahamia,
Sijui kama karuka, au tu amekimbia,
Ndege nipe mbawa zako, niuvuke ua huu.

Gugumaji

Halina kigingi, halina kamba,
mizizi yake inaning'inia majini
haijui udongo.
Mchana upepo wa ziwa
hulileta ufukweni;
usiku upepo wa nchi
huliondoa.
Mvuvi, mtumbwi umemkwama katikati,
anasema: hili ndilo lililo huru.
Linasukumwa.
Linasukumwa.
Linachanua.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa ualimu huku Njoro, Nakuru. Kila nikipewa kazi ya kulinganisha mashairi mawili, narudishiwa na maandishi mekundu: "Umechambua, hujalinganisha." Naeleza shairi la kwanza ukurasa mzima, kisha la pili ukurasa mzima, halafu naandika kwamba yote yanahusu uhuru. Nakosea wapi, mwalimu?

JIBU: Kosa lako liko kwenye mpangilio, na mpangilio huo mbaya unatokana na namna unavyosoma. Ukisoma shairi moja ukalimaliza, ukaandika, ndipo ukafungua la pili, akili imeshafunga mlango. Mashairi yote mawili yawe mezani kwa pamoja tangu mwanzo.

Soma kila shairi mara tatu. Mara ya kwanza kwa sauti, bila kalamu. Mara ya pili zungushia duara kila kitu cha maumbile: ndege, maji, chumvi, mizizi, upepo. Mara ya tatu pigia mstari vitenzi vinavyohusu vitu hivyo, na hapa ndipo wanafunzi wengi huchoka mapema. Wanamwona ndege, wanaandika "ndege ni uhuru," wanaendelea. Ndege peke yake hajasema lolote. Anaweza kuruka, kunaswa, kuhama, kufugwa au kuchinjwa. Kitenzi ndicho kinachokwambia kama yu huru.

Kisha chora jedwali la safu nne: picha yenyewe, kitenzi chake, nani mtenda, nani au nini kinazuia. Jaza shairi la kwanza juu na la pili chini yake, kwenye karatasi ileile.

Tufanye hivyo na mashairi yetu. Katika ubeti wa kwanza wa "Ndege wa Ziwani", ndege ndiye mtenda: *anaamka*, *anapofika*, na hana mlinzi. Nafsineni, yaani yule anayesema "nami", hana kitenzi chake cha kutenda: *nipo* uzioni, na miguu *imenasika*. Angalia hiyo -k- ya *imenasika*. Ni kauli ya kutendeka, na kauli ya kutendeka haimtaji aliyetenda. Miguu imenasika, nani kainasa? Shairi limemficha mfungaji ndani ya kiambishi kimoja. Mtahini atakayekuona umeligundua hilo atajua unasoma.

Ubeti wa pili unageuka. *Njaa ikamzunguka*: sasa mtenda ni njaa, na ndege amekuwa -m-, mtendwa. Vitenzi vinavyofuata, *kahamia*, *karuka*, *amekimbia*, ni vyake mwenyewe, ila njaa imekwisha kutangulia, na nafsineni anaanza kushuku: huku ni kuruka au ni kukimbia? Halafu kibwagizo kinarudi neno kwa neno, "Ndege nipe mbawa zako", lakini ombi si lilelile tena. Mara ya kwanza aliomba mbawa za kiumbe aliye huru. Mara ya pili anaomba mbawa za kiumbe aliyefukuzwa na njaa, na anaziomba tu.

Sasa "Gugumaji". *Hulileta*, *huliondoa*: mtenda ni upepo, na gugumaji ni -li- iliyo katikati ya kitenzi, kitu kinachobebwa. *Linasukumwa*, mara mbili, ni kauli ya kutendwa. Ndipo linakuja neno la mwisho, *linachanua*. Hakuna upepo uliolichanua. Hilo ndilo tendo pekee la gugumaji linaloanza nalo na kuishia nalo.

Jedwali lako likijaa hivi, sentensi ya hoja inakuja yenyewe: "Katika 'Ndege wa Ziwani' kiumbe anayedhaniwa huru anaishia kusukumwa na njaa, ilhali katika 'Gugumaji' kitu kinachosukumwa tangu mwanzo kinaishia kwenye tendo ambalo hakuna aliyekilazimisha." Sentensi hiyo haiwezekani kuandikwa kwa shairi moja tu. Hicho ndicho kipimo: kama hoja yako inasimama hata ukiondoa shairi moja, bado hujalinganisha.

Aya zako ziwe nne au tano, kila moja na jambo moja linalogusa mashairi yote mawili: nani mtenda, kizuizi ni nini, nafsineni yuko umbali gani na picha, umbo linafanya nini. Ndani ya kila aya, dondoo moja fupi kutoka kila upande inatosha, maneno matatu mpaka sita. Dondoo la mishororo mitatu linakula nafasi na kwa kawaida mwandishi hutumia neno moja tu ndani yake.

SWALI: Nasoma kutoka Kisumu. Gugumaji kwetu ni adha. Linafunga njia za mitumbwi, linanasa nyavu, mbu wanazaliana. Mtu anawezaje kulitumia kama picha ya uhuru? Nilipoandika kwamba mshairi amekosea, niliambiwa sijaelewa kejeli.

JIBU: Dada, ujuzi wako wa ziwa ni mali. Usiutupe, uupeleke ndani ya uchambuzi. Shairi halisemi kwamba gugumaji ni huru. Anayesema ni mvuvi, na shairi limetuonyesha yuko wapi anaposema: mtumbwi umemkwama katikati. Maneno ya mhusika ndani ya shairi si lazima yawe msimamo wa shairi. Mwulize kila msemaji, kama ambavyo ungemwuliza jirani: unasema hivyo kwa sababu umekuwaje leo?

Mvuvi anakiona kisicho na kigingi wala kamba akadhani ni uhuru, kwa sababu yeye mwenyewe amezuiwa. Huko si kumdhihaki. Mtu aliyefungwa huona uhuru kwa kila kinachotembea. Lakini msomaji wa Kisumu anajua asilolitaja mvuvi: ni gugumaji hilohilo lililomkwamisha. Kitu anachokionea wivu ndicho ukuta wake. Waliokuambia kuna kejeli walikuwa sahihi, ila walipaswa kukuonyesha iko wapi. Iko kwenye umbali mfupi kati ya "umemkwama" na "lililo huru", mshororo mmoja kwa mwingine.

Ujuzi wa maumbile unasaidia pia kupima usahihi wa picha. Upepo wa mchana Ghuba ya Winam, sehemu ya Ziwa Victoria huko Kisumu, kwa kawaida hutoka ziwani kuelekea nchi kavu, kwa sababu nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, usiku hugeuka. Kwa hiyo kwenda na kurudi kwa gugumaji katika shairi ni ratiba ya kila siku. Kitu chenye ratiba kisichojipangia hakiwezi kuitwa huru kwa wepesi. Na mmea huo wenyewe si wa kwetu, asili yake ni Amerika Kusini. Ukitaka kuandika aya kuhusu mgeni asiye na udongo wa kushika, neno "haijui udongo" linakungoja.

Vivyo hivyo kwa ndege. Heroe, ambao wengi Nakuru huwaita flamingo, hula mwani unaostawi kwenye maji ya magadi. Mvua nyingi zikijaza Ziwa Nakuru, magadi huzimuka, mwani hupungua, na ndege wengi huhamia Ziwa Bogoria. Msomaji asiyelijua hilo ataandika kwamba ndege "anasafiri popote apendapo". Anayelijua ataona kwamba shairi limeitaja sababu waziwazi, chumvi ikaja pungua, na atauliza swali gumu zaidi: kiumbe anayekwenda anakolazimika kwenda kula, tumwite huru kwa sababu tu ana mbawa?

Onyo moja. Maelezo ya sayansi yasizidi sentensi mbili kwa kila aya. Ukipita hapo umeandika somo la mazingira.

SWALI: Tofauti ya taswira, jazanda na ishara ni ipi? Vitabu vinanichanganya. (Msomaji, Kakamega)

JIBU: Taswira ni picha inayojengwa na maneno kwa hisi zako: unaona, unasikia, unagusa, unanusa. "Mizizi yake inaning'inia majini" ni taswira hata kama haina maana ya pili. Jazanda ni picha inayobeba kitu kingine bila kutumia "kama" wala "mithili ya": nafsineni anapoomba mbawa, anaomba uwezo wa kuondoka. Ishara ni kitu kinachosimamia wazo kwa shairi zima au kwa utamaduni mzima, kama ua unaorudi katika kila kibwagizo. Njaa *inayomzunguka* ndege kama askari ni tashihisi, yaani kukipa kisicho binadamu tendo la binadamu, na mizizi isiyo*jua* udongo pia.

Picha moja inaweza kuwa zote tatu. Ukikwama kwenye jina, eleza kazi ya picha kwanza, jina litafuata.

Na kwa kuwa tumetaja ua: kuna wanaosoma "ua huu" wakaona ua la bustanini. Sarufi inakataa. La kunusa ni *ua hili*, wingi *maua*. Wa kuzungushia boma ni *ua huu*, wingi *nyua*. Upatanisho umeamua, na "uzioni" ya mshororo wa juu inathibitisha. Kabla hujajenga aya nzima juu ya uzuri wa ua, tazama kiambishi.

SWALI: Nafundisha sekondari Bungoma. Wanafunzi wangu huandika kwamba shairi huru linaonyesha uhuru kwa sababu halina vina, na la arudhi linaonyesha utumwa kwa sababu limefungwa na mizani. Nawaambia si lazima, lakini nakosa namna ya kuwaonyesha.

JIBU: Mwalimu, waonyeshe kwa mfano mmoja wa historia na mwingine wa kuhesabu.

Mshairi Abdilatif Abdalla alifungwa gerezani Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya maandishi ya kisiasa. Mashairi aliyotunga kifungoni yalichapishwa mwaka 1973 katika diwani ya *Sauti ya Dhiki*, na yamefuata arudhi. Humo mna shairi kuhusu mamba wa mtoni, picha ya maumbile inayobeba mwenye nguvu anayejiona hataondoka majini. Mtu aliyenyimwa kila kitu alichagua mizani na vina. Arudhi aliyojichagulia mwenyewe haiwezi kuwa minyororo yake. Mwanafunzi akilijua hilo, ile kanuni yake rahisi inavunjika.

Mfano wa pili wahesabu wenyewe. Mishororo yetu ina mizani 16, yaani silabi 16: nane ukwapi (kipande cha kwanza) na nane utao (kipande cha pili). Waambie wagawe: *Nja-a-i-ka-m-zu-ngu-ka*. Wengi watapata saba, kwa sababu wanaiunganisha *m* na *zu*. Hiyo *m* ni silabi kamili, kama ilivyo *ha-na-m-li-nzi*. Lakini *mba-wa* ni mbili tu, *m* hapo imegandamana na *b*. Kisha waonyeshe mshairi alipojipa nafasi: "ikaja pungua" badala ya "ikaja kupungua", "kahamia" badala ya "akahamia". Ni inkisari, na yote imeangukia ubeti wa pili, pale ndege anapobanwa. Maneno yamekatwa pale maisha yalipokatwa. Sasa umbo lina la kusema, na limelisema kwa ushahidi.

Kwa "Gugumaji" waulize kwa nini "huliondoa" imeachwa peke yake kwenye mshororo. Waisome kwa sauti, wapumue palipokatika. Pumzi ile ni ya mmea unaosubiri upepo ugeuke. Na waulize kwa nini "Linasukumwa" limerudiwa likiwa na nukta mwisho wake kila mara. Shairi lisilo na mizani limejiwekea mpigo wake, na mpigo huo ni wa kusukumwa! Kwa hiyo hapa shairi huru ndilo linaloimba kufungwa, na la arudhi ndilo linalotamani kuvuka. Wanafunzi wakilifikia hilo wenyewe, usiwaongezee neno.

Jambo jingine la kuwatahadharisha, kwa sababu karibu kila darasa hulifanya: wakiona "uhuru" wanakimbilia tarehe 12 Desemba 1963, siku ya uhuru wa Kenya. Bendera haijatajwa katika mashairi haya. Kuna kuwa huru kwa maana ya kuondolewa kizuizi, na kuna kuwa huru kwa maana ya kuwa na uwezo wa kutenda. Ndege wetu hana kizuizi lakini hana chakula. Gugumaji halina kigingi lakini halina uamuzi, isipokuwa kuchanua. Kiswahili cha zamani kilikuwa na neno *mwungwana*, mtu asiye mtumwa, ambalo leo tunalitumia kwa mtu mwenye adabu na heshima. Waache wajadili kwa dakika kumi kwa nini maana hizo mbili zilikaa katika neno moja. Hoja zao zitakomaa kuliko kwa mihadhara mitatu.

SWALI: Naweza kulinganisha shairi la Kiswahili na la kigeni? Nina tafsiri ya shairi la Paul Laurence Dunbar kuhusu ndege aliyefungiwa. (Msomaji, Busia)

JIBU: Unaweza, na ni chaguo zuri. Dunbar alikuwa Mmarekani mweusi, mtoto wa wazazi waliowahi kuwa watumwa Kentucky, na shairi lake "Sympathy" lilitoka mwaka 1899. Humo ndege anapiga mbawa kwenye vyuma vya kizimba mpaka zinatoka damu, na wimbo wake ni dua.

Pa kulinganisha pazuri ni umbali kati ya msemaji na ndege. Msemaji wa Dunbar anajua anavyojisikia ndege, kwa sababu wote wawili wamefungiwa. Msemaji wa "Ndege wa Ziwani" yuko upande wa pili: ndege yuko nje, yeye yuko ndani, na anachojua kuhusu ndege kinapungua ubeti kwa ubeti, mpaka anasema "sijui". Mmoja anaumia kwa kufanana na ndege, mwingine kwa kutofanana naye.

Ila jihadhari na tafsiri yako. Kama mtafsiri ameandika "tundu", neno hilo ni la kufugia ndege na pia ni shimo, tundu la sindano au la ukuta. Usianze kueleza habari ya ndege anayechungulia kwenye upenyo ambao mshairi hakuutaja. Kiingereza chake kinamtaja yule ndege kwa kiwakilishi cha kiume, nasi a- yetu haina jinsia, hivyo usijenge hoja ya mwanamume au mwanamke kwa Kiswahili pekee. Vina na mapigo vilivyo kwenye tafsiri ni vya mtafsiri, usimsifie wala kumlaumu Dunbar kwa hivyo. Kilichovuka salama ni picha, vitenzi na mfuatano wa matukio. Kama Kiingereza chako kinatosha, weka shairi asilia kando ya tafsiri na hakiki kila kitenzi utakachokitaja kabla hujakiandika.